Bibi Mwalimu, nimegawa darasa makundi ya kusoma, sasa mzazi na mkuu wa shule wote wamenijia juu

SWALI

Shikamoo Bibi Mwalimu,

Naomba unishauri, ila shule yangu usiulize nisije nikaleta maneno. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili huku Tandahimba, mkoani Mtwara, nina watoto 87 kwenye chumba kimoja, madawati hayatoshi kwa hiyo wengine wanakaa chini kwenye mkeka. Nafundisha Kusoma na Kuandika. Mwanzoni nilikuwa nawasomesha wote kwa pamoja, nasoma mimi wao wanaitikia, na wanaitikia kwa sauti mpaka ofisini inasikika, mtu akipita nje anajua hapa watoto wote wanasoma. Nikaanza kumwita mmoja mmoja mezani. Bibi, nilichokikuta kilinikosesha usingizi. Kuna wanaosoma hadithi nzima bila kukwama. Kuna wanaosoma ba be bi bo bu vizuri tu ila neno likiwa refu wanaishia katikati. Na kuna ambao a na e hawazitofautishi, lakini ukurasa wa kwanza wa kitabu wanausoma wote, kumbe wameukariri kwa kusikia wenzao, ukimfunika picha na ukamwonyesha neno la katikati anakuangalia tu.

Kwenye jumuiya yetu ya ujifunzaji, pale walimu tunapokutana kufundishana, tulifundishwa kufundisha kusoma kwa makundi madogo, kila kundi lipate kazi ya kiwango chake. Nikapenda, nikagawa makundi matatu: wanaosoma 21, wa katikati 32, na wasiojua 34. Kila kundi likapewa upande wake wa darasa.

Sasa shida zimekuja zote kwa mpigo. Nikikaa na kundi moja yale mengine mawili yanakuwa soko la samaki. Afu baba mmoja alikuja mpaka dirishani, mbele ya watoto, akasema nimemweka mwanae kundi la wajinga tangu mwezi wa pili na hajaona kilichobadilika, na kwamba kama ni kumtenga angemwacha akaokote korosho. Mwalimu mkuu naye kaniita, anasema silabasi ni moja na kitabu ni kimoja, nafanya watoto wengine wachezee muda, akija mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akakuta nusu ya darasa halina mwalimu atakayejibu ni yeye. Na kuna jambo la tatu, watoto wanaotoka vitongoji vya ndani wanaongea Kimakonde tu nyumbani, anaweza kusoma sentensi bila kosa ukimuuliza imesema nini hajui. Tena msimu wa korosho ukiiva wanapotea, wakirudi wako nyuma ya pale walipoachia.

Niendelee na makundi au nirudi kwenye kusomesha wote? Na kama ni kuendelea, mtu mmoja na watoto 87 anafanyaje?

Mwalimu wa darasa la pili, Tandahimba

JIBU

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuwaita mezani mmoja mmoja, maana walimu wengi wanafika mwezi wa kumi na moja wakiamini lile itikio la darasa zima.

Nakujibu moja kwa moja: endelea. Kusomesha wote kitu kimoja kwa watoto uliowaeleza ni kuwafundisha wale 32 wa katikati tu, hawa 21 wanasubiri na hawa 34 wanaimba. Ila yale makundi yako matatu, mwanangu, yavunje wiki hii hii. Sio kwamba kugawa ni vibaya, ni kwamba umegawa kwa kuangalia nani yuko juu na nani yuko chini, na kundi la namna hiyo halikuambii kesho umfundishe mtoto nini. "Wasiojua" ni jina la kundi, siyo la ugonjwa, na huwezi kutoa dozi moja kwa watu 34 kwa sababu wote wamekuja zahanati.

Ngoja nikuonyeshe. Ndani ya hao 34 nina uhakika kuna watoto wa aina tatu. Wapo ambao herufi zenyewe hazijakaa, a na e, b na d, m na n. Wapo ambao herufi wanazijua zote, ukimwonyesha m anasema m, ukimwonyesha a anasema a, ukiziweka pamoja anasema "m... a..." hapati ma, huyo tatizo lake ni kuunganisha sauti na ukimrudisha kwenye herufi unampotezea mwaka. Na wapo wanaosoma ma, wanasoma ta, lakini mata hawaipati kwa sababu wakifika silabi ya pili ya kwanza imeshatoka kichwani. Hao watatu kuwakalisha kona moja na kadi moja ni kama hujawagawa.

Kwa hiyo anza na kupima upya. Utafiti wa Uwezo, ule ulioanza 2010 kupita majumbani kuwapima watoto kusoma, ulitumia ngazi nyepesi: silabi, maneno, aya, hadithi. Chukua ngazi hizo hizo ongeza herufi chini yake, andika kwa markapeni kwenye karatasi ya manila. Kwenye silabi na maneno weka na vitu ambavyo havina maana, kama fubo, leki, domu, kwa sababu mtoto aliyekariri kitabu hana pa kuvikariri, hapo ndo utajua anasoma au anakumbuka. Kwenye hadithi weka maswali mawili ya kuelewa. Dakika mbili kwa mtoto zinatosha, akikwama ngazi moja unasimama hapo hapo humsukumi, unaandika kwenye daftari alipokwama na kwa nini. Ukipima kumi kwa siku wakati wenzao wananakili mwandiko, hujamaliza wiki ya pili umeshawapata wote.

Ukimaliza, gawa kwa kile kinachokosekana. Na hapa nikwambie jambo ambalo kwenye semina huwa halisemwi vya kutosha. Mbinu nyingi za makundi madogo zilitengenezwa kwenye shule za Kiingereza, na Kiingereza maandishi yake na matamshi yake hayaelewani, mtoto wao anasumbuka miaka na maneno kama though na through. Mtoto wetu hana shida hiyo, Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, akizishika silabi mlango umefunguka. Shida ya mtoto wa Kiswahili inakaa sehemu mbili, na hizo ndo ziwe makundi yako ya katikati.

Ya kwanza ni konsonanti zinazobebana: mb, nd, nj, ny, mbw, na ile ng na ng' inayotesa hata wakubwa. Watoto wa kusini tuna neno zuri la kufundishia ambalo kitabuni halimo, ming'oko, ile mizizi ya porini inayochimbwa na kuliwa. Kila mtoto wa huko Tandahimba anaijua, ameila, ameichimba. Andika ming'oko, andika na mgongo ili wasome tofauti, andika ng'ombe na ngoma, nguo na ng'oa, kaa na kundi la watoto wanane wenye shida hiyo hiyo siku tatu nne, utaona. Na kama kuna wanaochanganya r na l nao wape maneno yao: kura na kula, rafiki, lala. Usimcheke mtoto wala usiache wenzake wamcheke, nyumbani kwao pengine hiyo tofauti haina kazi, kwa hiyo sikio lake lifundishwe kwanza kabla ya jicho.

Ya pili ni urefu wa neno. Kiswahili kinabebesha neno moja mzigo wa sentensi, hawakumwambia, tutakapofika, wanapokimbia. Hawa ndo wale wako wanaosoma ba be bi bo bu wakafia katikati. Silabi wanazo, wasichokuwa nacho ni desturi ya kukata. Wafundishe kukata kwa kiganja, wanaweka kiganja juu ya neno wanakifungua kidogo kidogo, wa, wana, wanapo, wanapokimbia. Na kila wanapoongeza wanarudia toka mwanzo mpaka neno liwe moja mdomoni. Afu wape familia ya neno moja: kimbia, anakimbia, wanakimbia, wanapokimbia, hawakukimbia. Mtoto akishaliona kimbia limekaa mle ndani haliogopi tena. Mimi hili nimelifundisha miaka yangu yote Newala na Masasi na sijaona zoezi linalofungua watoto wa darasa la pili kama hili.

Hao 21 nao usiwasahau kwa sababu hawakusumbui. Wengi ukiwauliza maana utakuta ndo wale wale wa Kimakonde uliowataja, mdomo unasoma, akili imekaa pembeni. Kuna maprofesa wawili, Gough na Tunmer, mwaka 1986 waliliweka jambo hili kwa hesabu ndogo: kusoma kwa kuelewa ni uwezo wa kutamka maandishi mara uwezo wa kuelewa lugha. Mara, sio kujumlisha. Upande mmoja ukiwa sifuri jibu ni sifuri, hata kama upande wa pili ni mia. Kwa hiyo mtoto anayesoma bila kosa halafu haelewi, kumpa ukurasa mwingine wa kusoma hakumsaidii, anahitaji Kiswahili. Kaa na kundi lake mzungumzie hadithi kabla hamjaisoma, waonyeshe kitu chenyewe kama kipo, neno gumu liseme na kwa Kimakonde kama unakijua, na kama wewe umetoka Mwanza au Kagera hukijui muombe mtoto anayejua awaambie wenzake, wala usione aibu. Halafu kila siku darasa zima, dakika tano au kumi, wasomee hadithi wewe mwenyewe kwa sauti nzuri, usiwaitikishe, wasikilize tu na mzungumze. Hiyo ndo sehemu ya somo ambayo watoto wote 87 wanastahili kuwa pamoja.

Sasa tuje kwenye hesabu yako ya mtu mmoja, maana najua hapo ndo moyo unapochoka.

Watoto 87 kwa makundi ya wanane ni makundi kumi na moja. Kipindi ni dakika 30. Hata ukiwa na vipindi viwili vya kusoma kwa siku huwezi kukaa na makundi yote kwa maana, ukijaribu utakuwa unapita kama mgeni wa heshima, kila kundi mara moja kwa wiki, na mara moja kwa wiki mtoto wa silabi anasahau kabla hujarudi. Usifanye hivyo. Chagua makundi matatu tu yenye uhitaji mkubwa zaidi, kaa na kila moja mara tatu kwa wiki, kwa wiki tatu. Nafasi inayobaki ndo uzungushe kwa wengine. Wiki tatu zikiisha unapima wale wa makundi hayo, waliotoka wametoka, unaingiza wengine. Kuna atakayekwambia unapendelea. Mtoto asiyejua herufi darasa la pili akikosa mwalimu sasa, darasa la tatu anakutana na masomo mengi ya kusoma mwenyewe na hakuna tena atakayerudi kumfundisha a, kwa hiyo mgawanyo wa haki wa muda wako hauwezi kuwa sawa kwa wote.

Kipindi chenyewe kiende hivi. Dakika kumi za mwanzo darasa zima, somo lile la kwenye azimio la kazi, yaani mpango wako wa masomo ya muhula, kitabu kile kile. Dakika kumi na tano kundi dogo, wengine wanafanya kazi zao. Dakika tano mnarudi pamoja, watoto wawili watatu wanasoma, mnafunga. Ndani ya zile kumi na tano, mkumbuke kadi za jana haraka, mjenge maneno kwa vizibo vya soda vilivyoandikwa silabi, afu wasome. Na kwenye kusoma hapo, mwanangu, usiwasomeshe kwa zamu. Zamu maana yake mmoja anasoma na saba wanangoja, katika dakika tano mtoto kapata nusu dakika. Waambie wote wasome kwa kunong'ona kwa wakati mmoja, kila mtu ukurasa wake, wewe unainamia huyu sekunde kadhaa unasikiliza, unamsahihisha, unahamia kwa yule. Mwisho maneno mawili matatu ya imla. Basi.

Kelele. Kelele inatokana na watoto kutojua wafanye nini mwalimu akigeuka, na hilo linafundishwa kama herufi zinavyofundishwa. Wiki mbili za mwanzo usikae na kundi lolote. Wafundishe kukaa bila wewe. Wapange wawili wawili, mmoja anasoma mwenzake anafuata kwa kidole, wakimaliza wanabadilishana. Wafundishe wapi vizibo vinachukuliwa na vinarudishwa wapi. Wafundishe sheria moja tu, mwalimu akiwa na kundi haulizwi, unamuuliza jirani, naye asipojua unafanya kazi nyingine mpaka mwalimu ainuke. Wewe unazunguka unawaangalia na kuwasifia. Wakiweza dakika tano bila wewe, wape kumi, wakiweza kumi na tano ndo uanze. Na kazi wanayopewa iwe ni ile wanayoiweza wenyewe, ukiwapa kitu kigumu watakuja mezani na ukiwapa cha kujaza muda kama kupaka rangi watapigana. Waliozidi chumbani watoe nje kwenye kivuli cha mkorosho pale unapowaona mlangoni, waandike silabi mchangani kwa vijiti, mchanga hauna gharama na huko kwetu haujawahi kutupungukia.

Vitabu vya ngazi mbalimbali usisubiri kutoka halmashauri. Muombe mkuu mfungue kabati. Mtwara ulipita mradi wa kusoma wa Tusome Pamoja kuanzia 2016, na wenzetu wa Lindi walikuwa na mradi wao wa elimu, EQUIP-T, tangu 2014, vitabu vidogo vya hadithi vya kipindi hicho bado vimo kwenye makabati mengi ya shule za kusini vimefungwa na kamba vinaogopewa kuchanika. Kitabu cha mtoto kikichanika kwa kusomwa hakuna hasara. Zaidi ya hapo tengeneza kadi kwa maboksi: sentensi mbili tatu zenye silabi ambazo kundi hilo limeshazijua tu. Mama ana mabibo. Babu ameleta ming'oko. Andika vitu vya kwao.

Halafu tafuta mikono. Mwalimu wa darasa la kwanza ana watoto wanaosoma kuliko wako wengine, na wewe una watoto wa herufi kama wake. Mkipanga kipindi cha kusoma kiwe saa ile ile kwa madarasa yote mawili, siku mbili kwa wiki mnachanganya, yeye anachukua wa herufi wa madarasa yote mawili, wewe unachukua wa silabi na maneno. Hii sio ndoto yangu, ndo njia ya Pratham ya India, shirika lililoanzia Mumbai miaka ya tisini, wanawapanga watoto kwa ngazi wanayosoma wakati wa kipindi hicho bila kuangalia darasa, na Zambia wameichukua wanaifanya kwenye shule za serikali. Na walimu wa mazoezi wakija kutoka vyuo vya ualimu vya Kitangali au Mtwara Kawaida usiwape kipindi kizima ukaenda ofisini, mpe kila mmoja kundi.

Mwalimu mkuu usibishane naye, ana hoja. Anaogopa silabasi na anaogopa mthibiti ubora. Kwa hiyo nenda na karatasi mbili. Ya kwanza andalio la somo linaloonyesha kwamba kila siku darasa zima linafundishwa kile kilichopo kwenye azimio la kazi, na kundi dogo linakuja juu yake, halijachukua nafasi yake. Ya pili orodha ya majina 87 na ngazi ya kila mtoto kwa tarehe. Mwambie "Mwalimu, naomba wiki tatu, halafu uje wewe mwenyewe uwapime watoto utakaowachagua." Kiongozi akishika hiyo orodha mkononi ndo ana kitu cha kumwonyesha mthibiti, kuliko itikio. Na mualike akae na kundi dakika kumi na tano mara moja tu, asikilize mtoto anaunganisha ma na ta kwa mara ya kwanza.

Wa msimu wa korosho, hao ndo makundi yanawafaa kuliko wote. Mtoto aliyekosa wiki kadhaa akirudi kwenye darasa la kuitikia anakuta somo limeenda, anakaa nyuma anaimba. Akirudi kwako unampima dakika mbili, unamtia kundi lenye shida yake leo, wala sio lile alilokuwemo kabla hajaondoka. Wakiwa wanaondoka mpe kadi nne tano aende nazo, mdogo au mkubwa wake amsikilize jioni. Na likizo ya Desemba wengine wanaingia jandoni na unyagoni, kwa hiyo Januari kwa mwalimu atakayewapokea darasa la tatu mwachie lile daftari lako, asianze upya kama wewe ulivyoanza.

Kuna jambo moja umeliruka. Katika hao wasiojua herufi, ukiona mtoto ambaye kila siku anakosea mbali ubaoni ila karibu anapata, au anayejibu kitu ambacho hukuuliza, usimweke kundi lolote kwanza. Mkalishe mbele, mwite mzazi, aende kituo cha afya akaangaliwe macho na masikio. Watoto wa namna hiyo wanaitwa wazito mpaka wanamaliza shule ya msingi.

Imebaki yule baba. Yeye ana haki ya kukasirika, mwanae amekaa kona ile ile tangu mwezi wa pili na hakuna aliyemwambia kwa nini. Ukibadilisha majina ya makundi yawe Embe na Nazi haitasaidia kitu, watoto wanajua mara moja kundi lipi ni lipi, na wazazi pia. Kinachoondoa aibu ni kundi kubadilika kila wiki tatu na mtoto kuonekana anatoka. Kwa hiyo viti virudishe vilivyokuwa, watoto wakae wamechanganyika, kundi dogo liitwe kwenye mkeka wa mbele kisha lirudi. Halafu mtumie salamu aje, usimngoje dirishani tena, mkaribishe kiti, muite mtoto asome mbele yake kile anachokiweza, hata kama ni silabi sita. Mwambie hivi: "Baba, anasoma hizi. Hizi bado. Wiki tatu zijazo nakaa naye mara tatu kwa wiki na wenzake saba wenye shida hii hii, na tarehe fulani nakuomba uje umsikilize tena." Mpe na kadi aende nazo nyumbani, na kama baba mwenyewe hasomi vizuri mwambie mtoto ndo atamsomea yeye, kazi yake ni kusikiliza tu.